Naishi Kisasa, lakini sanaa ya kisasa ilinichelewesha

Mbukwenyi ndugu zangu.

Wanaonisoma siku zote wanajua huwa naandika mambo ya rangi: ipi inapauka mapema kwa jua hili la Dodoma, ipi haishiki kwenye bati jipya, na jinsi ya kuitambua tina, ile ya kuyeyushia rangi, iliyochakachuliwa kabla hujaimwaga kwenye kopo. Leo natoka kidogo nje ya njia. Mpwa wangu ndiye kanitoa.

Huyu ni mtoto wa dada yangu wa Mpwapwa. Anasoma sanaa chuo kikuu hapa hapa mjini, na Jumamosi huja kwangu Kisasa kufua na kula. Mwezi wa nane mwaka jana, msimu ule wa upepo ambao ukipika nje ugali unapata mchanga wa bure, alinikuta uani nasafisha brashi. Akaniamkia, nikaitikia, akanisogezea simu usoni.

"Mjomba, hapa unaona nini?"

Nikafuta mikono nikatazama. Mraba mweusi, kandokando yake weupe.

"Naona ubao wa shule."

"Siyo ubao, mjomba. Ni mchoro. Maarufu dunia nzima."

Nilicheka mpaka mke wangu akatoka jikoni kuuliza kulikoni.

Kicheko changu kilikuwa na sababu. Mimi naandika mabango na kuta tangu mwaka 1994, lakini kwa miaka mingi kazi iliyonivusha Desemba na Januari ilikuwa kupaka mbao za madarasa. Nimepaka Bahi, nimepaka Chamwino, nimepaka Kongwa. Ubao una ufundi wake. Unakwangua, unaziba mashimo, unapiga msasa, unapiga koti ya kwanza, unasubiri, ndipo unapiga ya pili. Rangi iwe nyeusi isiyong'aa, maana iking'aa mtoto aliyekaa upande wa dirishani haoni kitu isipokuwa mwanga. Na usiwe na haraka. Ukipaka ya juu wakati ya chini bado mbichi, uso unakauka na kufunga, huku ndani kunaendelea kutembea. Miezi michache tu ubao umepasuka kama tope la mbuga ya Bahi mwezi wa kumi. Shule moja, ambayo siitaji, mwalimu mkuu alinilipa mbao tatu kwa kuku wawili na ahadi. Kuku tuliwala. Ahadi bado naisubiri.

Sasa mtu akija kuniambia kuna bwana alipaka mraba mweusi mmoja, sentimita 79.5 kila upande, usiotosha hata darasa la awali, na dunia inamwamkia, nifanye nini zaidi ya kucheka?

Mpwa wangu hakucheka. Akaikuza picha kwa vidole viwili, akanirudishia simu. Weusi ukaanza kuonyesha nyufa, nyufa nyingi, na ndani ya nyufa zikachungulia rangi nyingine.

Nikaacha kucheka. Nyufa za rangi ni kazi yangu.

"Huyu alipaka juu ya kazi nyingine," nikamwambia. "Tena hakungoja ikauke."

Akanitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama tangu azaliwe. Kumbe mwaka 2015 wataalamu wa jumba la sanaa la Tretyakov kule Moscow walitangaza kwamba wameumulika mchoro huo kwa mashine wakakuta chini ya weusi kuna michoro mingine miwili ya rangi. Wao walitumia eksirei. Mimi nilitumia kumbukumbu ya mbao zilizonipasukia.

Mwenye mraba anaitwa Kazimir Malevich, mzaliwa wa Kyiv. Aliuonyesha mwezi wa Desemba mwaka 1915 huko Petrograd, na kitu kilichonikaa kichwani kuliko mraba wenyewe ni mahali alipoutundika. Aliuweka juu kabisa kwenye kona, karibu na dari, pale ambapo nyumba za Warusi huweka picha takatifu. Waliokulia kwa bibi Mkatoliki wananielewa. Pale juu panapokaa Moyo Mtakatifu wa Yesu na rozari imening'inia, mtu ashushe vyote, aweke ubao. Bibi yangu angeita padri kwanza, halafu angeita polisi.

Kwa hiyo yule bwana hakuwa anapaka ubao. Ubao unangoja chaki. Kile cha kwake hakingoji kitu.

Usiku ule sikulala vizuri, na si kwa sababu ya upepo.

Kuna jambo la neno lenyewe. Mimi naishi mtaa unaoitwa Kisasa, na neno hili linanichekesha kila ninapopanda daladala. Kisasa, yaani cha sasa. Sasa ya lini? Mraba wa Malevich una zaidi ya miaka 100, na bado unaitwa sanaa ya kisasa. Babu aliyezaliwa mwaka ule angekuwa kaburini zamani, mchoro bado ni wa sasa. Na angalia nyumba. Bibi yangu upande wa baba aliishi kwenye tembe, nyumba ya Kigogo ya miti na udongo, pembe nne, paa bapa la udongo. Tulipokuwa wadogo tulionea aibu paa lile. Watu wote waliokuwa wanaendelea walikuwa wanaezeka bati lenye mgongo. Leo pita Iyumbu, pita hapa kwetu, wenye fedha wanajenga nyumba za pembe nne ambazo paa halionekani, limefichwa nyuma ya ukuta, ukitazama kutoka barabarani ni bapa. Wanaiita kontemporari. Nimeandika namba za viwanja kwenye mageti yao na kila mara namkumbuka bibi. Alikufa hajui kwamba alikuwa mbele.

Basi kisasa si tarehe. Hilo nililipata mapema. Lililonichukua muda ni kujua basi ni nini.

Jibu lilikuja kupitia njaa, kama majibu yangu mengi. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa dhati, mwaka 2016, sisi mafundi wa kuandika tulikenua. Ofisi, benki, hoteli, maduka ya dawa, vyote vinataka mabango. Mimi nilinunua brashi mpya na ngazi ya aluminiamu. Ofisi zilikuja kweli. Mabango yake yalikuja kwenye gari, yamekunjwa kama mkeka, yametoka kwenye mashine ya kuprinti. Herufi zimenyooka, picha ya kuku inang'aa mafuta, bei nusu ya yangu, na unalipata kesho yake. Mteja wangu wa miaka kumi, mwenye mgahawa, alinipigia simu kwa upole kabisa: "Fundi, safari hii nimeprinti." Sikumlaumu. Lakini nilikaa uani na kujiuliza, mkono huu sasa ni wa kazi gani?

Nilipomsimulia mpwa wangu habari hiyo, akasema, "Mjomba, hiyo ndiyo hadithi yenyewe ya sanaa ya kisasa. Ila kwao ilianza 1839."

Mwaka huo ndipo Ufaransa ilipoutangazia ulimwengu ufundi wa Daguerre, wa kunasa sura ya mtu kwenye bamba la shaba lililopakwa madini ya fedha. Kabla ya hapo, ukitaka sura yako ibaki baada ya kufa unamlipa mchoraji. Unakaa kwenye kiti siku nyingi, yeye anafananisha. Kufananisha ndio ulikuwa mkate. Kamera ikaja, ikawa inafananisha kuliko wao, kwa haraka kuliko wao, na baada ya muda kwa bei ya chini kuliko yao. Fundi, safari hii nimeprinti.

Hapo ndipo nilipoanza kuwaona wale Wazungu wa zamani kama mafundi wenzangu wa kijiweni, si kama watu wa kwenye vitabu vya mpwa wangu.

Na kuna kitu kingine kilichowakuta karibu wakati huo huo, kidogo, ambacho ni mtu wa rangi tu atakifurahia. Mwaka 1841 Mmarekani mmoja aliyekuwa London, John Goffe Rand, alibuni tyubu ya bati laini ya kuwekea rangi, ile ya kuminya kama dawa ya meno. Kabla yake rangi iliyokwisha kuchanganywa iliwekwa kwenye kibofu cha nguruwe, unatoboa, unaminya, halafu huna namna nzuri ya kuziba. Nilipomsimulia hilo fundi mwenzangu wa Majengo, ambaye ni Mwislamu, alikwenda kunawa mikono. Lakini fikiria tofauti. Tyubu inaingia mfukoni. Mchoraji anatoka nje, anakaa mtoni, anachora jua kabla halijahama. Anachora haraka kwa sababu jua halimsubiri, na ile haraka inabaki kwenye turubai.

Mwaka 1874 kikundi cha wachoraji wa namna hiyo walifanya maonyesho yao Paris, akiwamo Claude Monet na mchoro wake wa bandari alfajiri, jua jekundu kwenye ukungu. Mwandishi mmoja wa gazeti, Louis Leroy, aliwacheka akasema hata karatasi ya kubandika ukutani ambayo haijamalizwa ni kamili kuliko bahari ile. Na jengo walilofanyia maonyesho unajua lilikuwa nini? Studio iliyokuwa ya mpiga picha, Nadar. Kamera imewafukuza kazini, halafu wanakwenda kupanga vitu vyao kwenye sebule ya kamera. Hilo nimelisimulia kijiweni mara nyingi na kila mara wananiambia naongeza chumvi.

Niseme ukweli, mimi Monet alinisumbua kuliko Malevich. Fundi aliyenifunza kazi alikuwa mkali. Ukipaka kibao akaona mistari ya brashi, anachukua msasa anakupa ukwangue uanze upya. "Brashi isionekane," ndiyo ilikuwa sala yake. Kibao kizuri kionekane kama kimeota chenyewe. Sasa Monet kila alipogusa, mkono umeonekana. Nilimwona mchafu. Ilibidi nifike siku ya kushindwa na mashine ndipo nielewe kwamba ule uchafu ndio kitu pekee ambacho mashine ya wakati ule isingeweza kumnyang'anya. Kuficha mkono kulikuwa na maana wakati mkono ulikuwa unashindana na mikono mingine. Ukishindana na mashine kwa usafi, umekwisha.

Tangu hapo ndivyo ninavyoiona, na msomi atanisahihisha akitaka. Sanaa ya kisasa ni ya mtu aliyenyang'anywa kazi ya kufananisha akabaki na brashi mkononi na ubishi kichwani. Ubishi ndio neno ninalolitaka. Anabishana na kamera, anabishana na waliomtangulia, anabishana hata na mnunuzi. Mwingine anabisha kwamba rangi si lazima ifanane na kitu. Mwingine anabisha kwamba uso wa mtu unaweza kutazamwa mbele na ubavuni kwa wakati mmoja. Piet Mondrian alibisha kwa mistari myeusi iliyonyooka na visanduku vya nyekundu, bluu na njano, na huyo ningempa kazi kesho asubuhi. Jackson Pollock, mwishoni mwa miaka ya 1940, alitandika turubai chini akawa anadondoshea rangi kutoka juu, zikiwamo zile za kawaida za kupakia nyumba. Huyo kwenye ngazi yangu asingepanda. Wengine bado siwapendi, na mpwa wangu ameacha kunilazimisha.

Kuna ubishi mmoja lakini unaonikera, na unatuhusu.

Mwaka 1907 Pablo Picasso alichora turubai kubwa, karibu mita mbili na nusu kwenda juu, wanawake watano, wawili kati yao wana nyuso kama vinyago. Vinyago vya Afrika alikuwa ameviona Paris, kwenye jumba la makumbusho la Trocadéro. Mchoro huo leo uko kwenye jumba la sanaa ya kisasa la New York, na unahesabiwa kuwa mlango ambao karne nzima ilipitia. Sawa. Sasa niambie. Mchongaji wa Afrika amechonga uso kwa namna ya kukatakata, mdomo huku, pua kule, kitu chake kikaitwa cha asili, cha kikabila, kikawekwa pamoja na mikuki na vibuyu. Picasso amekitazama akachora, chake kikaitwa cha kisasa. Kinyago kilekile! Nilimwambia mpwa wangu kwamba hapa mtu amebadilishiwa bango dukani na bidhaa ni zilezile.

Akanijibu kwa upole kwamba nisisahau waliobisha kwa upande wetu. Na kweli. Miaka ya 1950 mchongaji Samaki Likankoa alianza kuchonga mpingo mtindo wa mashetani, miili iliyopinda, macho mahali pasipo pa macho, haufanani na mtu wala mnyama. Huyo naye nani alimlazimisha afananishe? Sam Ntiro, Mchaga aliyesoma Makerere na London na baadaye akawa balozi wetu kule kule Uingereza, alichora mwaka 1956 wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, na mchoro huo umo kwenye hazina ya jumba lile lile la New York alimo Picasso. Mbege imefika. Hilo lilinifurahisha kuliko nilivyotegemea.

Na yupo ninayemhesabu ndugu wa damu, marehemu Edward Saidi Tingatinga wa Tunduru. Mwaka 1968, Dar es Salaam, alichukua vipande vya hadibodi, mraba wa futi mbili hivi, na rangi za kung'aa za dukani zilizokuwa zinapakwa baiskeli, akachora chui na ndege. Hakuwa na shule ya sanaa. Alifariki mwaka 1972, kazi imedumu miaka minne tu, na leo hakuna duka la watalii nchi hii lisilo na wajukuu wa chui wake. Watu husema ile ni sanaa ya watalii. Mimi natazama jinsi alivyojaza usuli kwa rangi moja na kumwacha mnyama peke yake, hakuna nyasi, hakuna kivuli cha kudanganya jicho, naona fundi wa vibao aliyegundua kwamba kibao kinaweza kusimama bila duka.

Mwezi wa kumi tulikwenda Kolo, mimi, mpwa wangu na mwenzake mmoja. Basi la asubuhi mpaka Kondoa, halafu mbele kidogo kwenye barabara ya Babati. Eneo lile la michoro ya miambani liko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2006, kuna mapango na vibanda vya mawe zaidi ya 150, na aibu yangu ni kwamba nimeishi Dodoma maisha yangu yote sijawahi kufika. Mama mmoja wa Kiingereza, Mary Leakey, alikuja mwaka 1951 akanakili michoro hiyo mmoja mmoja. Mimi jirani nimefika na mvi.

Tulipanda kilima magoti yakilia. Juu, chini ya mwamba uliojikunja kama paa, kuna watu. Wembamba, warefu kupita kiasi, wekundu, vichwa vikubwa vyenye nywele za ajabu. Kuna wanyama, na juu ya wanyama kuna wanyama wengine, na juu yao watu tena. Hakuna aliyefuta cha mwenzake. Kisha pembeni kuna michoro myeupe, mizito, kama iliyopakwa kwa kidole, na mingine imepita juu ya ile myekundu. Kiongozi wetu alitueleza kwamba ile myekundu ni ya wawindaji wa kale, ambao Wasandawe na Wahadzabe wanahesabiwa karibu nao, na ile myeupe ni ya wakulima waliokuja baadaye. Akatuonyesha pia panapofanyiwa matambiko. Wazee bado wanapanda pale kwa ajili ya mvua na uponyaji.

Nilisogea nikatazama ule wekundu kama fundi. Ni udongo mwekundu, hilo halina siri, uliosagwa na kuchanganywa na kitu cha kuushikisha. Umekaa kwenye mwamba vizazi na vizazi. Mabango ya kuprinti ya Dodoma nyekundu yake inakimbia ndani ya miaka miwili. Jua linakula nyekundu na njano kwanza, inabaki bluu. Yule mteja wangu wa mgahawa, kuku wake sasa ni wa bluu, na chipsi za bluu pembeni. Mpwa wangu anasema Picasso naye alikuwa na kipindi chake cha bluu, 1901 hadi 1904. Nikamwambia Picasso hakuwa anauza chipsi.

Pale mwambani tukabishana. Yeye alisema ukiwachukua watu wale wembamba ukawapeleka Paris mwaka 1907 bila kusema wametoka wapi, wangeitwa wa kisasa saa hiyo hiyo, kwa hiyo kisasa ni sura. Mimi nikakataa. Sura inafanana, nikasema, lakini mchoraji wa Kolo hakuwa na kamera ya kubishana nayo. Hakunyang'anywa kitu. Alirefusha watu kwa sababu zake na za watu wake, na watu wake walimwelewa bila kusomewa maelezo. Malevich alihitaji ile kona ya picha takatifu ili tujue anambishia nani.

Nilikuwa naona nimeshinda. Kisha yule mwenzake, kijana mkimya aliyekuwa hajasema neno tangu Dodoma, akanyoosha kidole kwenye mchoro mweupe uliolala juu ya mwekundu. "Na huyu," akauliza, "hakuwa anabishana?"

Nimelitafakari hilo toka siku ile. Ukuta ulikuwa na nafasi. Mwenye rangi nyeupe angeweza kusogea hatua mbili akachora peke yake.

Sasa nije kwenye kesi iliyoko mezani kwangu wiki hii, maana ndiyo iliyonifanya niandike.

Uani kwangu, karibu na bomba, kuna kipande cha hadibodi nilichokipigilia misumari mwaka 2009. Kila nikimaliza kazi nafutia brashi pale kabla ya kuiosha. Ni hivyo tu. Kina kijani cha duka la dawa, kina njano ya vibanda vya chipsi, kina bluu ya zahanati, kina nyekundu ya soda, kina dhahabu kidogo ya ukumbi wa harusi uliolipa vizuri. Rangi zimepandana mpaka unene wa kidole. Kadiri unavyokwenda juu mistari inapungua, kwa sababu kazi zilipungua. Mpwa wangu anakitaka. Chuoni kwao wanaandaa maonyesho, naye anataka akitundike ukutani.

"Ile si kazi," nikamwambia. "Nilikuwa nafuta brashi."

Ndipo akanitolea Marcel Duchamp. Mwaka 1917, New York, chama cha wasanii kilitangaza maonyesho yasiyomkataa mtu, ukilipa dola 6 tu kazi yako inapokewa. Duchamp akanunua sinki la kukojolea la wanaume, lile la ukutani, akaliweka kwa kulilaza, akaandika juu yake jina la uongo, R. Mutt, na mwaka. Waliosema hawakatai wakakataa kulionyesha. Lile lenyewe lilipotea. Mengi yanayoonekana leo kwenye majumba ya sanaa ni nakala alizoidhinisha mwaka 1964. Duchamp hakutengeneza kitu. Alichagua, akakisogeza kutoka pale kilipozoeleka, akatia sahihi.

"Kwa hiyo wewe ndiye Duchamp na mimi ndiye fundi bomba," nikasema.

"Hapana mjomba, wewe..." akakwama. Alikwama kweli, nikamwona. Maana kama kuchagua ndio usanii, aliyechagua ni yeye. Mimi nilichofanya ni miaka 15 ya usafi wa brashi. Na kama mkono ndio usanii, ni wangu, lakini mkono wangu haukuwa unachora.

Tumebishana Jumamosi tatu. Mke wangu ametoa hukumu kwamba yeyote atakayekichukua azibe kwanza matundu ya misumari ukutani. Mpwa wangu alipendekeza yaandikwe majina mawili. Nikakubali, kwa sharti kwamba chata langu nalitia mwenyewe, pembeni chini kulia, kama ninavyotia kwenye kila bango tangu 1994. Juzi nikapiga msasa kipande kidogo cha ile kona, nikaandika kwa brashi namba mbili, herufi nyembamba, mistari haionekani. Jina, na chini yake namba ya simu.

Alipofika Jumamosi akaishiwa nguvu. "Mjomba, mchoro wa kwenye maonyesho hauwekwi namba ya simu!"

Nikamuuliza, sasa mteja akiipenda atanipataje?